Chupa Mbili za Kondoo wa Magamba

Treni ya Tabora ilichelewa saa tano, na watu wa stesheni ya Mpanda walikuwa wamekwisha kugombana na kupatana tena. Theopista, fundi wa maabara, gauni lake la kitenge cha njano limeloa jasho mgongoni, alipenya kati ya magunia ya dagaa akashika boksi la barafu la mradi. Mkono mwingine ukalishika upande wa pili.

"Dada, hilo langu."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe la pasi, suruali pana kama ya mpiga gitaa.

"Lako tangu lini? Soma jina."

"Maabara ya mradi, Mpanda. Ndiko niendako. Naitwa Ngusa, nimekuja kuhesabu seli."

"Pole. Anayehesabu ni mimi."

"Mradi unataka wasomaji wawili. Hawajakwambia?"

Hawakumwambia. Walilibeba pamoja hadi maabara, mtaa wa Shanwe, na njiani Theopista alicheka mara mbili bila kupenda.

Huo ulikuwa mwaka tisini na tatu. Kazi yao ilikuwa hivi: damu ya mtu unaichanganya na damu ya kondoo. Seli za kinga za mtu hushikwa na zile za kondoo pande zote, kama punje kwenye gunzi, nawe unahesabu kwenye hadubini ni ngapi zimeshikwa katika kila mia. Mradi ulitaka kujua kama kipimo hicho rahisi kinaaminika katika mji kama huu. Kwa hiyo damu moja ilisomwa na watu wawili, kila mmoja mara tatu, bila kuonyeshana daftari, na Daktari Kassiani, mkuu wa mradi, aliyafungua madaftari yao kila Ijumaa. Kondoo naye alikuwa mmoja tu, yule yule, wa kina Ngusa kule Magamba, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Kila Alhamisi Ngusa alipanda baiskeli kwenda kumtoa damu.

Mapenzi yakaingia. Hata mimi ningeshangaa yasiingie, watu wawili chumba kimoja siku nzima.

"Theo, leo umevaa hereni za kunivuruga hesabu."

"Hesabu zako zilikwisha kuvurugika Tabora."

Mwezi wa tano namba za Theopista zikaanza kushuka. Ngusa sitini na mbili, yeye arobaini na moja. Ijumaa iliyofuata, hivyo hivyo. Daktari Kassiani akamwita.

"Binti, nakupa wiki moja. Zisipolingana na za mwenzako, naomba msomaji mwingine."

Theopista alilia chooni, akanawa, akarudi. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu mbele ya kaka zake. Générose, mpiga chapa, akamsogelea.

"Mwenzangu, mimi sisemi kitu. Ila nasikia kina Ngusa walichinja, wakaja wageni wamevaa vizuri. Kwako kasema?"

Hakusema. Na sasa Theopista akaanza kuona mambo. Kwa nini kila asubuhi Ngusa anamchagulia chupa ya damu ya kondoo? "Chukua hii, mpenzi, ndiyo mbichi," na ile nyingine anaibakiza kwake. Kwa nini siku hizi hamtazami usoni? Ana mwanamke Magamba, na mimi anataka niondoke nikiwa na aibu. Alilala na wazo hilo, akaamka nalo.

Jumatatu, Ngusa alipotoka kunywa chai, Theopista alibandua lebo za zile chupa mbili za damu ya kondoo, akazibandika kinyume. Hakumwambia mtu.

Ijumaa Daktari Kassiani alifungua madaftari, akavua miwani. Theopista sitini na tatu. Ngusa arobaini.

Theopista alimkuta Ngusa uani.

"Ulikuwa unanipa nini kwenye chupa?"

Ngusa alielewa palepale. "Umebadilisha."

"Jibu."

"Yule kondoo hayupo, Theo. Baba alimchinja. Nilikuta ngozi imewambwa ukutani."

"Kwa ajili ya huyo mwanamke wako?"

"Kwa ajili ya mshenga. Anayekuja kwenu. Nikatoa damu kwa kondoo mwingine. Nilidhani kondoo ni kondoo, kumbe seli za huyu hazishiki sawa na za yule. Ya zamani ilibaki chupa moja, imeanza kuzeeka, nikajiwekea mimi. Wewe nikakupa mpya."

"Uliona namba zangu zinashuka?"

"Niliona."

"Na nilipolia?"

"Nilisema kesho nitamwambia Daktari. Kila siku nilisema kesho."

"Niondokee," alisema Theopista. Hicho ndicho kilichomuuma, ile kesho yake, kuliko mwanamke yeyote wa Magamba.

Ngusa aliingia ofisini, akaandika yote kwenye daftari la mradi kwa mkono wake, akatia sahihi. Theopista akabaki kazini. Ngusa akarudishwa Tabora kwa treni ya Jumapili, na stesheni hakusindikizwa na mtu.

Alhamisi simu ikalia mezani kwa Générose.

"Theo, ni mimi. Usikate."

"Sema."

"Mshenga bado anangoja. Utakubali nikuoe?"

Theopista alivuta daftari na kalamu, Générose akaacha kupiga chapa.

"Mimi sitoi jibu kwa kusoma mara moja, unajua. Niulize tena Alhamisi ijayo, na nyingine. Kila mara nitaandika jibu. Hutaona mpaka mwisho."

Ngusa akapiga Alhamisi ya pili, akauliza, akasikia kalamu tu. Ya tatu akapiga mapema, sauti ya mtu ambaye hajala.

"Theo, nisomee."

Theopista akafungua daftari.

"Ya kwanza niliandika kwa hasira. Ndiyo. Ya pili, ndiyo."

"Na leo?"

"Leo kwanza niambie: ukikosea tena, utanyamaza?"

"Nitakwambia siku hiyo hiyo. Hata kama utanifukuza."

Akaandika. Ngusa alingoja.

"Yamelingana," alisema Theopista. "Mwambie mshenga aende kwetu. Na baba yako, kabla ya kushika kisu, aniulize mimi kwanza ni kondoo yupi."