Oili Haizai

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Sindano alikuwa na kazi mbili kwenye mashine ya kusaga nafaka ya mama yake. Kwanza ajaze tangi: lita nne za dizeli, lita moja ya mafuta ya mimea yaliyotengenezwa kwa ajili ya injini. Kisha achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute, akitumbukize tena, asome alama. Jina alipewa kwa wembamba wake. Kazi alipewa kwa sababu mama alimwamini.

Pipa la dizeli lilikuwa nyuma ya nyumba. Mafuta ya mimea yalikuwa pale pale mlangoni. Uvivu ukamnong'oneza, naye akausikiliza. Akaanza kujaza ya mlangoni matupu.

"Oili?" mama aliuliza siku chache baadaye, kutoka kwenye mizani.

"Sawa, mama."

Haikuwa sawa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, tena ilichuruzika kwenye kijiti kama maji. Sindano alijua kwamba akisema, mama atauliza ndani ya tangi kuna nini. Akajifariji kuwa afadhali kuzidi kuliko kupungua. Kwa wiki tatu alijibu "sawa".

Jumatatu moja, watu wakiwa foleni na ndoo zao, injini iligonga kama nyundo, ikakoroma, ikazimika. Mjomba wake, fundi wa injini, akaja kuifungua. Alisugua oili kati ya vidole, akainusa.

"Dada, oili yako imezaa?"

"Oili haizai, bwana."

"Basi mimi niliweka lita tano, leo nimetoa saba. Hizi mbili baba yao nani?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Mjomba akamwonyesha mama beringi zilizolika. "Mafuta ya mimea yakiwa kidogo, yanailainisha hata pampu. Yakizidi, yasiyoungua yanapenya kando ya pistoni, yanashukia kwenye oili. Oili ikishakuwa nyepesi, chuma kinakula chuma."

Mama akamgeukia Sindano. "Kijiti kilikuwa kinasemaje?"

Sindano alitazama miguu yake. "Oili ilikuwa imezidi, mama. Tangu nilipoacha kwenda kwenye pipa."

Mama hakumpiga wala hakufoka. Alifunga mlango wa mashine. Kwa miezi miwili, ili apate pesa za matengenezo, alikwenda kubeba magunia kwenye mashine ya jirani, yule yule waliyekuwa wakigombea naye wateja, akirudi jioni kajishika kiuno. Sindano alimkanda mgongo.

Siku injini ilipowashwa tena, nusu ya wateja hawakurudi. Sindano alikuwa amebeba dizeli kutoka nyuma, amechanganya, amepima.

"Sawa, mama."

Mama akampita, akachomoa kijiti, akasoma mwenyewe.

"Lakini nimesema sawa."

"Nimekusikia, mwanangu. Ungesema siku ya kwanza, tungemwaga oili tu, yakaisha. Uongo ndio uliokula chuma. Mashine imepona. Neno lako bado liko kwa fundi."