Kiti Walichokiacha Wazi

Asubuhi ile nilimkuta dada ameshavaa, amekaa kwenye kochi na mkoba mapajani, ananisubiri. Chai yake ilikuwa imepoa mezani. Nikamwambia anywe, akanywa. Nikamwambia twende, akasimama. Ndivyo alivyokuwa tangu mumewe alipolala usiku mmoja asiamke: ukimwambia ale, anakula, ukimuuliza, anajibu. Msibani watu walilia mpaka sauti zikawakauka, yeye akawa anazunguka kuwauliza kama wamepata maji ya kunywa. Shangazi zetu walimsifu kwamba ana moyo mgumu. Mimi niliona hana moyo kabisa, umekwenda na shemeji, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Dada ni mkaguzi wa shule. Ofisi yake ilikuwa imemvumilia vya kutosha, sasa ilimtaka arudi, na kazi yenyewe ni ya kuzunguka shule za mbali ambako hufiki bila usafiri wako. Asiporudi, nafasi anapewa mwingine. Nami nilijua akiendelea kubaki kwenye kochi lile, tutakuja kumzika akiwa ameketi. Kwa hiyo nikamtafutia gari. Kuchagua ilibidi nichague mimi, maana siku hizo hata nguo ya kuvaa alichaguliwa na jirani.

Mimi ni fundi wa mafriji, na nina ugonjwa mmoja: nikiona bei imepunguzwa, damu inanichemka. Kwenye yadi moja ya magari mapya walikuwa wanauza gari la kujaribia, lile ambalo wateja hupewa waliendeshe kidogo kabla ya kuagiza la kwao. Lilikuwa limegongwa ubavu wa abiria, likatengenezwa, na bei ikashuka mpaka nikadhani wamekosea kuandika. Muuzaji hakuficha. Alikuwa mtu mzima, mpole, shati limenyooshwa, anaongea kwa sauti ya chini utadhani yuko wodini. Alinionyesha mlango uliobadilishwa na picha za kabla na baada. Nikapitisha kidole kwenye mianya, nikagonga bodi kwa kifundo, nikalala chini nikachungulia. Kazi ilikuwa safi. Hapo ndipo wasiwasi uliponianza, maana hakuna kizuri kisicho na ila, na mimi ila sikuiona.

Tulipotaka kulijaribu, muuzaji alimpa dada funguo, kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia. Nikamshangaa. Muuzaji hukaa mbele, pembeni ya mteja, amsifie kiyoyozi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ndio utaratibu wao kwa gari lile, akasogea kunipisha. Nikakaa naye huko nyuma, magoti yamebanana, na kiti cha mbele kitupu.

Dada akaliondoa taratibu. Tukapita maghala, tukapita shule ambayo watoto walikuwa mapumzikoni, tukaingia barabara ndefu iliyonyooka. Kwenye matuta alipunguza mwendo kupita kiasi, kama amebeba mgonjwa. Kisha nikaona kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu msiba: mashavu yake yalikuwa yamelegea. Alikuwa karibu kutabasamu. Mara mojamoja aligeuza shingo upande wa kile kiti kitupu, halafu akarudisha macho barabarani. Nikadhani anatazama kioo.

Akili yangu ilikuwa kwenye kiti. Nikajisemea, hapa ndipo walipofukia uchafu wao. Reli imepinda, au sponji imeoza, na huyu bwana hataki nikalie nikajua. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Nikamwambia dada asimame kando ya barabara.

Muuzaji akanishika mkono. "Hapo huwa tunapaacha," alinong'ona.

Nikamjibu kwamba ndiyo maana nataka kupakalia. Nikashuka, nikafungua mlango wa mbele, nikajibwaga kwa uzito wangu wote.

Kiti kilikuwa na joto.

Si la jua. Jua lilikuwa upande wa pili. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi. Ila hakuwa amenyanyuka. Mgongoni nilihisi kitu kinajaa, kinapungua. Kinajaa. Kinapungua. Nikashika kiti pembeni nijiinue. Mikono haikuinua. Nikatazama miguu yangu. Ilikuwepo. Sikuihisi.

Dada hakunigeukia. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele.

"Umemkalia," alisema polepole.

"Nani?"

"Inuka kwanza. Umemkalia."

Sijui niliinukaje. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye changarawe, mlango uko wazi, na muuzaji amesimama mbali kidogo anajifuta shingo kwa leso. Niliogopa. Nasema wazi, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kuogopa. Nilipopata sauti nilimuuliza dada kama ni shemeji. Alinitazama kwa huruma. Akasema marehemu alikuwa mwongeaji, asingeweza kunyamaza kipande chote kile, na isitoshe hakuwahi kulipanda gari hili.

"Sasa ni nani?"

"Sijamuuliza," alisema dada. "Amekaa tu. Mimi nataka mtu wa kukaa tu."

Muuzaji ndipo akatoa yaliyokuwa yamemkaa rohoni. Mteja mmoja aliomba alijaribu gari peke yake, asubuhi kweupe, na lori likamgonga ubavuni. Akatoka mzima, hana hata mchubuko. Akaketi kando ya barabara akawa anawauliza waokoaji neno moja tu: mwenzangu mmeshamtoa? Wakatafuta ndani ya gari, wakatafuta mtaroni, wakarudi mikono mitupu, naye bado anauliza. Lakini aliyemfungulia geti la yadi alikuwa muuzaji huyuhuyu, na alimwona anatoka peke yake. Tangu gari lirudi kutoka gereji, hakuna mfanyakazi aliyekubali kukaa pale. Wakiweka kiganja tu, wanarudi nyuma.

"Nalichukua," dada akasema.

Nataka mnielewe. Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu tumzike shemeji. Sikuwa nimesikia neno "nataka" kinywani mwake muda wote ule, na sasa amelitoa, na mimi ndiye wa kumnyima. Roho iliniuma. Kama ningekubali, angerudi kazini, angekula, pengine angecheka, na huyo asiyejulikana angekuwa pembeni yake kila siku, anapumua. Nikaegemea dirishani kwake, nikachomoa funguo.

"Hapana, dada. Ukilichukua hili, hutashuka tena."

Hakubisha. Alinyoosha mkono, akalaza kiganja kwenye kile kiti. Akakiacha hapo. Nikaona paji la uso wake likikunjana.

"Hayupo," alisema. "Ameshuka."

Halafu akalia. Kilio kilianza kifuani bila sauti, kisha sauti ikaja, kubwa, ya mtu aliyekuwa ameiziba muda mrefu, na alimwita mumewe kwa jina, akamwita tena. Nilifungua mlango nikamkumbatia. Alinilowesha bega zima. Magari yalipita, watu wakatuchungulia, sikujali. Nikasema kimoyomoyo, Mungu mkubwa, dada yangu amerudi.

Muuzaji alisogea kwa hatua za paka. Akagusa kiti kwa ncha ya kidole, akagusa kwa kiganja, mwisho akakaa. Akajirusharusha kidogo. "Kimepoa," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. Yeye ndiye aliyekaa mbele mpaka yadini, akimsifia dada kiyoyozi njia nzima.

Tukalinunua. Mwenye akili angekimbia, najua. Lakini lililokuwemo limeshuka, bei imebaki ileile, na mimi ugonjwa wangu nimeshawaambia.

Dada alirudi kazini na mpaka leo analiendesha. Ukikutana nalo njiani hutaona kitu, ni gari zuri. Anagombana na walimu wakuu, anachagua nguo zake, anamlilia mumewe akikumbuka na kucheka akikumbuka jingine. Jamaa wote wananipongeza kwa kumwokoa. Nawashukuru, maana ndivyo inavyotakiwa.

Mimi ilianza miguuni. Asubuhi nilikuwa naikuta kitandani lakini haikuwa kama yangu. Ikapanda. Naunguza vidole kwenye mabomba ya friji, najua kwa harufu. Watu wakicheka, natazama nyuso zao ili nijue wakati wa kucheka. Siku moja mke wangu aliniuliza nikifika nyumbani huwa namnong'oneza nani mlangoni. Nikamwambia sinong'oni. Akahamia chumba cha watoto.

Na kwenye basi, kiti cha pembeni yangu hakikaliwi. Basi linaweza kujaa, watu wakaning'inia, na kile kikabaki. Mtu anakuja, anaweka mkono ili aketi, anautoa, anakwenda kusimama mbele. Hakuna anayeniambia kwa nini. Siulizi.

Juzi dada alinikuta nimekaa, chai imepoa, akakasirika, akanibeba mpaka zahanati. Muuguzi aliniambia nivue shati. Alipoliona bega langu aliacha alichokuwa anafanya.

"Ajali ulipata lini?"

Nikamwambia sijapata ajali. Akanisogeza mbele ya kioo. Kutoka begani mpaka nyongani, mshazari, ulikuwepo mstari mpana, mweusi wenye ubuluu, umevimba kingo. Alisema ameuona mara nyingi, ni alama ya mkanda wa gari, huwa nayo wale wanaotolewa kwenye magari yaliyogongwa ubavuni. Akaubonyeza kwa kidole toka juu mpaka chini. Akasema ni wa leo, haujafikisha hata saa moja. Ile saa moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi pale nje.

Nilikiona kidole chake kikizama. Sikuhisi kidole.

Dada alikuwa amesimama kwenye pazia, kiganja mdomoni. Alinitazama machoni kwa muda mrefu, akitafuta kitu anachokijua yeye kuliko mtu yeyote.

"Mdogo wangu," alisema. "Inauma?"

Nikakunja uso kidogo, kama nilivyowaona wenye maumivu wakifanya.

"Inauma sana," nikasema, na dada akashusha pumzi.