Chupa ya Bluu Iliyorudi Tupu

Siku ya mnada wa korosho, Ruangwa hufurika watu, na katikati yao Zulekha alipita na dera lake la kijani, chupa mbili za chai mikononi. Nyekundu ilikuwa na kahawa ya tangawizi, ya bluu ilikuwa na kahawa yenyewe tu. Alikuwa msichana anayejiamini, na wala hakuficha.

Afisa ushirika mmoja mgeni, shati limenyooshwa kama la sikukuu, aliomba ya bluu. Alikunywa funda moja, akamtazama.

"Hii haikupikwa kwenye birika, dada."

"Nina mashine nyumbani, kaka."

"Na chupa umeisuuza kwa maji ya moto kabla hujamimina."

"Umekuja kunywa kahawa au kunikagua?"

Afisa yule, Lukman, alicheka, akaomba kikombe kingine. Alikuwa mtu wa Bukoba, kahawa amezaliwa nayo, lakini kilichomkosesha usingizi usiku ule haikuwa kahawa.

Mapenzi yakashika kasi. Jioni alikaribishwa barazani, Mama Zaina, mama yake Zulekha, akiwa jirani na jicho lake, na Zulekha akamfundisha kutumia ile mashine. Ikimaliza kutonesha, alisema, kahawa ihamie kwenye chupa papo hapo, maana ikiachwa juu ya kile kisahani cha moto inaungua. Mwanafunzi alikuwa akimtazama mwalimu zaidi ya mashine.

Kisha Lukman akahamishiwa Nachingwea. Si mbali, lakini Ruangwa imeshaona watumishi wengi wakihama na ahadi zao. Zulekha alimjazia chupa ya bluu, akamwambia ikiisha airudishe. Aliirudisha kweli. Aliiosha, akaianika juani hadi ikakauka harufu, akaikabidhi kwa kondakta wa basi. Alivyolelewa yeye, chombo cha mtu kinarudi kisafi, na hiyo ndiyo heshima.

Kwa kina Zulekha chombo hakirudi kitupu. Utatia hata konzi ya karanga. Kitupu hurudishiwa mtu ambaye hutaki tena mazoea naye.

Zulekha aliifungua, akachungulia, akaitikisa. Hakuna hata punje. Iliuma, tena iliuma sana, ila hakulia mbele ya mtu. Lukman akapiga simu.

"Imefika, mpenzi?"

"Imefika. Na nimekuelewa."

Akakata, na hakupokea tena. Ikawa bahati ya Masoudi, mfanyabiashara wa ufuta, kuleta posa. Mama Zaina akasema jibu litolewe Ijumaa baada ya swala. Zulekha akasema wampe jibu wanalolitaka wao.

Nachingwea, Lukman alikuwa hali wala halali. Alimsimulia mama mwenye nyumba wake, Dorotea, Mmwera wa hapohapo, aliyekuwa akipepeta mahindi. Mama yule akaweka ungo chini.

"Chupa ya binti wa watu umeirudisha tupu?"

"Niliing'arisha, mama."

"Mwanangu, umemwacha mchumba wako mwenyewe bila kujua."

Ijumaa asubuhi Lukman alisimama uani kwa Mama Zaina, vumbi la njia nzima kwenye viatu vyake vizuri, chupa mpya ya bluu mkononi. Zulekha alitoka na kanga mabegani, uso mkavu.

"Umesahau kitu?"

"Nilisahau kutia kitu."

Alifungua kifuniko. Ndani mlijaa kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na kukaushwa na maganda yake, nyeusi, zinanukia. Alimweleza kwamba kwao mgeni wa heshima hupewa hizo kabla ya chochote.

"Mama alinipa nizitunze mpaka nipate wakwe. Zule, nataka kukuoa. Mshenga atakuja, lakini hili nimetaka ulisikie kwangu."

Zulekha alichukua punje moja, akatafuna, akakunja uso.

"Chungu."

"Inakolea polepole."

Zulekha aliichukua chupa. Aliingia ndani, akamwambia mama yake kwamba jibu la Masoudi ni hapana, na kwamba uani yuko mkwe hajapewa kiti. Kisha akawasha mashine. Alizimimina zile punje kwenye bakuli, akaisuuza chupa kwa maji ya moto, akasubiri tone la mwisho, akaijaza mpaka shingoni.

"Mpelekee mama yako," alisema akimpa.

"Mpaka Bukoba itakuwa imepoa, mpenzi."

"Basi mlete yeye, aje ainywe hapa ikiwa ya moto."