Mshahara wa Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kidomo aliosha mabuti ya mama yake kwenye bomba la uani. Mama alikuwa mtafiti wa uhifadhi. Alihesabu ndege na vyura wa bwawa lililo nje ya mji ili ijulikane kama wanaongezeka au wanapungua, na mabuti yake hayakurudi hata siku moja bila tope. Nyumbani walikuwa wawili tu, mama na binti. Jina la Kidomo alipewa shuleni, kwa sababu hakuwahi kukosa la kujibu.

Asubuhi hiyo mjomba wake, muuza simu, alipita akiwa amevaa shati lililonyooka.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mwambie mama yako aachane na tope. Shirika la jiji kubwa linamwita ofisini, mshahara mara mbili, na yeye bado anafikiria. Anafikiria nini?”

“Anafikiria vyura.”

“Vyura hawalipi ada, Kidomo.”

Mama alitokea mlangoni na kikombe mkononi. “Mdogo wangu, kunywa chai uende dukani kwako. Kesho natoa jibu.”

Kidomo alikwenda shule akiwa amefura. Alizaliwa katika nyumba ile. Rafiki zake wote walikuwa pale, na jioni alizozipenda ni zile za kukaa na mama kando ya bwawa wakisikiliza. Sasa watu walikuwa wanapanga kumhamisha, na hakuna aliyemuuliza.

“Mara mbili?” rafiki yake wa dawati moja alishangaa. “Mtakula kuku mpaka mchoke.”

“Na kodi je? Nauli je? Nasikia kule hata kukohoa kunalipiwa.”

“Umejuaje?”

“Bado sijajua. Nitajua leo.”

Jioni alimpigia simu mama yake mdogo, muuguzi katika jiji hilo. Aliuliza bei ya unga, nyanya, nauli, maji, umeme na ada ya shule. Mama mdogo alimjibu moja baada ya nyingine, akicheka.

“Na kodi ya nyumba?”

“Inategemea mtaa, mwanangu. Kwa huo mshahara anaopewa mama yako, nyumba kama yangu haifiki theluthi. Kuna mitaa ya bei nafuu zaidi. Ila kule mlimani, kwenye mageti makubwa, kodi itameza karibu nusu.”

Kidomo alichukua kodi ya mlimani. Akaiandika hiyo peke yake.

Mjomba aliporudi baada ya chakula cha jioni, alikuta vifuniko vya soda vimepangwa mezani katika mafungu mawili.

“Huu ni mshahara wa hapa, vifuniko ishirini,” Kidomo alisema. “Huu ni wa jijini, arobaini. Haya, tulipe.”

Upande wa hapa aliondoa kodi, chakula, ada, nauli, maji na umeme. Vikabaki vitano. Upande wa jijini aliondoa kumi na vinane vya kodi, kumi vya chakula, sita vya ada, vinne vya nauli, viwili vya maji na umeme. Upande huo ukabaki mtupu.

Mjomba alikuna kichwa. “Nyumba gani hiyo, ya waziri?”

“Ndiyo bei ya jiji,” Kidomo alisema bila kupepesa macho.

Mama aligusa fungu la vifuniko vya kodi. “Nikitaka kujua hali ya bwawa,” alisema polepole, “siendi kwenye kona moja tu yenye vyura wengi. Napima sehemu nyingi. Wewe kodi umeipima wapi?”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Kidomo. Angeweza kudanganya tena, na alijua mama angemwamini. Hilo ndilo lililomshinda.

“Mlimani,” alisema. “Mama mdogo alinitajia yake pia. Ni vifuniko kumi na viwili. Sikutaka tuhame.”

Mama hakufoka. Alirudisha vifuniko sita mezani. “Basi jijini vinabaki sita. Hapa vitano.”

“Si nilisema?” mjomba alidakia. “Kimoja nacho ni kimoja, dada.”

“Ulisema mara mbili, mdogo wangu. Hiki ni kimoja.” Mama alisimama. “Na kwa hicho kimoja nikae ofisini nikisoma habari za bwawa nisilolikanyaga? Nakiacha. Kesho namwambia mkurugenzi wao hivyo hivyo.”

“Watu watakucheka.”

“Wacheke. Nitakuwa kazini.”

Mjomba aliaga akitikisa kichwa. Kidomo alibaki ameinama.

“Si tumeshinda, mama? Tunabaki.”

“Tunabaki. Lakini kidogo tu ningemwambia mkurugenzi kwamba mshahara wake hautoshi hata kuweka akiba, na ningekuwa mwongo bila kujua.”

“Na kama ukweli ungekuwa vifuniko kumi zaidi?”

“Tungekaa hapa mezani tukafikiria upya, mimi na wewe. Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo, na hilo ni kosa langu. Wewe ungebisha, nami ningekusikiliza.” Mama alimwinua kidevu. “Kubisha sikukatazi, mwanangu. Mimi mwenyewe nimebishana na kila aliyetaka bwawa lile likaushwe, na bado lipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuta hesabu yangu imepikwa. Bisha na dunia nzima ukitaka. Ila ukibisha kwa hesabu ya kupika, hata ukishinda, uliyemshinda ni yule anayekuamini.”