Mayai Kumi na Moja ya Kobe

Kila Jumamosi asubuhi, Chiriku alifua sare zake, akazianika, kisha akaenda ofisini kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa wanyama. Rafu zake zilijaa chupa za vyura, mijusi na nyoka wadogo, na mifupa ya samaki iliyochongoka kama meno ya kitana. "Hawa wote ni ndugu," alizoea kusema. "Wana uti wa mgongo, kama wewe." Lakini kwa miaka ishirini na sita moyo wake ulikuwa kwa kobe wa mtoni, waliokuwa wakipungua mwaka hadi mwaka.

Karibu na dirisha palikuwa na sanduku la joto lenye mchanga. Ndani yake mlikuwa na mayai kumi na moja, yaliyookolewa kabla mto haujafurika. Kila yai lilitiwa alama ya penseli juu.

"Usiyaguse, mwanangu," Shangazi alionya. "Yai la kobe si la kuku. Mtoto hujishikiza upande wa juu. Ukiligeuza, anaweza kufa."

Dereva wa ofisi alipomwita Shangazi nje, Chiriku alitaka kujua tu yana uzito gani. Akachukua moja, la pili, la tatu. Mara mlango wa jirani ukabamizwa. Akashtuka, na yote matatu yakabingirika mchangani. Alipoyafuta mchanga kwa kidole, alama nazo zikafutika. Akayarudisha kwa kubahatisha.

"Chiriku, leo umemeza ulimi?" Shangazi alimtania aliporudi.

"Kichwa kinaniuma," akajibu, akaaga.

Nyumbani, alichezea chakula tu. Mama alimgusa paji la uso, homa hakuna. Ghafla Chiriku akasukuma sahani, akatimua mbio kurudi ofisini.

"Shangazi, nimewaua watoto wako!" Akaeleza yote huku akilia.

Shangazi hakumkemea. Alifunga pazia, akawasha tochi, akaweka yai la kwanza juu ya mwanga. Ganda liling'aa, na ndani kukaonekana mshipa mwembamba mwekundu. "Upande ni huu," alinong'ona, akaligeuza polepole na kulitia alama. La pili vivyo hivyo. La tatu alilitazama kwa muda mrefu. "Hili sina hakika nalo."

Wiki nane baadaye, vitoto kumi vilitoboa maganda, kila kimoja kidogo kuliko kiganja cha mtoto. Chiriku alishangilia, kisha akaliona yai lililobaki.

Shangazi alifungua daftari la kumbukumbu, akampa kalamu. "Andika wewe."

Chiriku akaandika: *Yai moja halikuanguliwa. Nililigeuza.*

"Nilipokuwa mwanafunzi," Shangazi alisema, "nilibandika jina la chura mmoja kwenye chupa ya chura wa mto mwingine, nikanyamaza. Mwalimu wangu alimtafuta chura yule mwaka mzima, kwenye mto ambamo chura huyo hakuwahi kuishi. Wewe ulinyamaza saa mbili tu." Akamvuta kifuani. "Hakuna asiyekosea, mwanangu. Ila kosa likisemwa mapema, huacha nafasi ya kuokoa kitu. Yale mayai mawili yameanguliwa kwa sababu ulirudi. Haya, futa machozi. Shika beseni hili la vitoto kwa mikono miwili, tuwapeleke mtoni."