Alama Juu ya Klipu

Kila Jumamosi, akishafua na kuanika sare zake za shule, Atupele alikwenda gereji ya baba yake kule Mpemba, kando ya barabara kuu ya Tunduma. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la sita, na mikono yake ilipenya mahali ambapo mikono ya mafundi ilikwama. Baba yake, Fundi Lwitiko, alijisifia jambo hilo mpaka wateja wakachoka kulisikia.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja. Ukishakaza nati au klipu ya kubana mpira, unaidondoshea tone la rangi ya kucha. Kila mtu alikuwa na rangi yake: Atupele nyekundu, Sadoki nyeupe. Ukiona tone, ujue imekazwa, huna haja ya kuigusa tena.

Sadoki alikuwa msaidizi wa Fundi Lwitiko, kijana mpole kutoka Mbozi. Ndiye aliyemfundisha Atupele kushika bisibisi bila kujichoma kiganja, na Atupele alimwita kaka.

Basi Jumamosi moja, Salum, mfanyabiashara wa vitenge, alileta gari lake la tabo. Alitaka afungiwe valvu inayolia "pshuuu!" dereva akiachia pedali ya mafuta. Alikuwa ameisikia kwenye gari moja la Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo hakutulia.

"Inafanya kazi gani, baba?" Atupele akauliza.

"Tabo inasukuma hewa kwa nguvu kwenda kwenye injini. Dereva akiachia mafuta, hewa ile inakosa pa kwenda, ndipo valvu inaitoa. Gari hili lina valvu yake, tena haina makelele. Ila Bwana Salum anataka mji mzima umsikie!" Baba alicheka, kisha akakaza uso. "Sasa sikiliza. Mpira huu wa hewa ukichomoka gari likiwa kwenye mwendo, injini inaweza kuzima. Klipu yake ya chini ni yako. Ikaze sawasawa."

Madereva wa malori walikuwa wamekwisha kusogea kusikiliza mlio. "Washeni jamani, foleni ya mpakani itatuacha!" wakapiga kelele. Kiherehere kikampanda Atupele. Alidondosha rangi kwanza, akisema moyoni ataikaza sasa hivi. Bisibisi ikateleza mara ya kwanza, ikateleza tena. Salum naye akaanza kupiga honi.

"Tayari!" Atupele akasema, akachomoa mkono.

Sadoki alichungulia, akaona tone jekundu, akafunga boneti. Gari likaungurumishwa. Pshuuu! Watu wakashangilia kama wapo uwanjani, na Atupele akashangilia nao.

Alasiri gari lilirudi likivutwa. Injini ilikuwa imezima kwenye mteremko wa kuelekea Vwawa, usukani ukawa mzito, gari likaingia mtaroni. Salum alikuwa hospitali, mkono umevunjika. Fundi Lwitiko alifungua boneti. Mpira ulikuwa umechomoka na klipu imelegea, tone jekundu likiwa juu yake.

"Atupele, hii uliikaza?"

Watu wote walimtazama.

"Ndiyo, baba."

"Basi aliyeigusa baada yako ni nani?" Fundi akamgeukia Sadoki. "Wewe ndiye uliyefunga boneti."

"Fundi, sikuigusa. Niliona alama..."

"Nyamaza! Mwanangu hasemi uongo. Uliifungua ukichezea mali ya watu. Toka, nisikuone hapa!"

Sadoki alimtazama Atupele. Atupele aliangalia viatu vyake. Hapo neno moja tu lingetosha, jamani, neno moja! Hakulisema.

Tunduma habari haitembei, inakimbia. Hakuna gereji iliyomtaka Sadoki. Madereva wakampachika jina la Pshuuu, na kila alipopita walimzomea. Mwishowe alirudi kwao kupalilia kahawa. Atupele alisikia yote hayo, na ugali ukamkataa. Usiku alijifunika gubigubi na kulia.

Siku moja baba alikuwa akinawa mikono, akasema kwa uchungu, "Kijana yule nilimpenda kama mtoto wangu, kumbe!"

Atupele hakuweza tena. Alisema yote, kuanzia bisibisi iliyoteleza. Alingoja kupigwa. Baba hakumpiga. Alikaa chini, mikono bado ina sabuni.

"Kesho tunakwenda Mbozi," akasema.

Walimkuta Sadoki shambani, karibu na Mbozi Mission, akipogoa mibuni na mama yake, Tabita. Atupele akapiga magoti, akakiri na kuomba msamaha. Fundi Lwitiko naye akaomba.

"Nimekusikia, mdogo wangu," Sadoki akasema taratibu. "Lakini fundi, ulinifukuza mbele za watu. Leo mnanisafisha huku kwenye mibuni. Anayesikia ni nani?"

Jumamosi iliyofuata Fundi Lwitiko aliwaita madereva walewale gereji. Salum alikuja na mkono wake umefungwa plasta, na Sadoki akaja na mama yake. Atupele alisimama katikati, akasema kwa sauti, "Klipu sikuikaza. Nilimwongopea baba. Kaka Sadoki hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Salum alimshika Sadoki bega. "Nilipokuwa hospitali nilikutukana bure, ndugu yangu. Nisamehe."

"Rudi kazini, Sadoki," Fundi akasihi.

"Nimesamehe, fundi. Kurudi siwezi. Siku ile ulimaliza kunihukumu kabla hujanisikiliza." Akawapa mikono wote, Atupele pia, kisha yeye na mama yake wakaenda zao.

Fundi Lwitiko alimkalisha binti yake kwenye tairi kuukuu.

"Ungesema siku ileile, ningekugombeza, yakaisha. Ulinyamaza, nami nikahukumu kwa hasira, na mtu mwema ameondoka. Mwanangu, ukikosea, sema palepale, hata kama magoti yanagongana. Ukichelewa, anayeumia ni mwenzako."

Atupele alipangusa machozi. "Atarudi siku moja, baba?"

"Hapana, mwanangu. Sitakudanganya."