Chumba cha Mkiani

Kemilembe amechoka. Bibi amechoka. Baba amechoka. Hata kuku wamechoka.

Wote wanalala uani, chini ya turubai. Ardhi ilitikisika juzi. Sasa wanaiogopa nyumba yao.

Nyumba imepinda kama kiwiko. Kila alipozaliwa mtoto, Baba aliunga chumba kingine. Kemilembe ni kitindamimba. Chumba chake kiko mwisho kabisa, mkiani.

Ardhi ikitikisika, chumba hicho hulia:
*Kri, kri, kra.*
*Jamani, tumechoka.*

"Nakibomoa," akasema Baba.

"Nitalala wapi?" akauliza Kemilembe.

"Kwa Bibi."

"Bibi anakoroma."

"Nakoroma kwa heshima," akasema Bibi.

Dada Koku alisomea majengo. Kazi hana. Maneno anayo.

"Bomoa, bomoa. Ndiyo akili yenu hiyo," akasema. "Kemi, rukia kiti cha pikipiki ya Baba."

Kemilembe akaruka. Kiti kikashuka, kikapanda polepole. *Fyuuu.* Kikatulia.

"Mbona hakikukurusha?"

"Sijui, Dada."

"Kina shokapu. Shokapu inakula mtikisiko. Na nyumba nayo ipewe zake."

Dada akaleta shokapu kubwa za chuma. Akazifunga sebuleni, katikati ya nyumba. Jasho likamtiririka.

Jioni ardhi ikatikisika kidogo. Sebule ikatulia. Na mkiani?
*Kri, kri, kra.*
*Jamani, tumechoka.*

"Digrii hiyo," akasema Baba. Akachukua nyundo.

Kemilembe akasimama mlangoni pa chumba chake. Hakutoka.

"Dada," akasema, "ng'ombe akifukuza inzi, anatikisa tumbo au mkia?"

Dada Koku akakaa chini. Akaipima nyumba kwa macho, si kwa maneno. Si kawaida yake.

"Mkia," akasema. "Nyumba iliyopinda, mkia ndio unaoyumba zaidi. Na mimi nimefunga tumboni. Haya, lete spana. Baba, weka nyundo chini, shika hapa."

Baba akashika. Akanung'unika, lakini akashika.

Shokapu zikahamia mkiani. Moja ukuta huu, nyingine ukuta ule.

Usiku Kemilembe akapanda kitandani kwake. Bibi akarudi chumbani kwake. Dada akalala na spana mkononi. Baba peke yake akabaki uani.

Ardhi ikatikisika.

*Fyuuu.* Nyumba ikatulia.

Baba akatega sikio. Akangoja *kri*. Haikuja. Akakunja turubai, akaingia ndani.

"Mko wazima?" akanong'ona.

Kemilembe amelala. Dada amelala. Hata kuku wamelala.

*Khrrr, khrrr.*

Ni Bibi. Kwa heshima.